Mashine Inayobeba Mzega wa Sauti

Ketini vizuri, na yule aliye karibu na redio asogee kidogo ili wenzake nao wasikie. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mashine moja ambayo wengi wenu hamjapata kuiona kwa macho, ingawa kazi yake mmeisikia mara nyingi, pengine kila siku.

Kwanza nawauliza swali. Mama anamwimbia mtoto wake ili alale. Sauti yake ni ndogo, hata aliye nje ya mlango haisikii. Huko uwanjani, ngoma zinapigwa mpaka kuta zinatetemeka. Je, imekuwaje wimbo wa mama na ngoma za uwanjani vitoke katika redio moja, nanyi mvisikie vyote viwili bila ya kuinuka kila mara kuzungusha kifungo cha sauti? Jibu la swali hilo ndilo somo la leo.

Mashine yenyewe huitwa kompresa ya sauti. Wengi mnaijua kompresa ya gereji, ile inayoshindilia upepo katika mipira ya magari. Hii ni nyingine. Haishindilii upepo, inashindilia sauti. Sauti inapokuwa kubwa mno huibana, na inaporudi kuwa ya kadiri huiachilia. Kazi yake ni hiyo tu. Lakini sikilizeni mwone jinsi kazi hiyo ilivyowasumbua watu wenye akili kwa miaka mingi.

DARI NA SAKAFU

Kila chombo kinachochukua sauti kina dari na sakafu, kama nyumba. Sauti ikiwa kubwa kupita kiasi hugonga dari, nayo huharibika na kukwaruza. Ikiwa ndogo mno hulala sakafuni, nayo hufunikwa na mvumo wa mashine yenyewe, ule mlio wa "shhh" mnaoujua. Kwa hiyo sauti yote lazima ipite katikati ya dari na sakafu. Masikio yetu wenyewe yana nyumba ndefu sana, na kwa hiyo tunasikia mnong'ono na radi pia. Mashine za zamani zilikuwa na nyumba fupi.

Hapo mwanzo kazi ya kulinda dari ilikuwa ya mkono wa mtu. Fundi alikaa mbele ya mita, jicho kwenye mshale, kidole kwenye kifungo. Mwimbaji alipopaza sauti, fundi alipunguza. Aliponong'ona, fundi aliongeza. Fundi mzuri alijifunza wimbo wote kwa moyo ili ajue mahali pa hatari. Lakini sauti haipigi hodi. Mpiga tarumbeta akipuliza ghafula, mkono wa fundi hufika baada ya sauti kwisha kupita.

Vituo vya redio ndivyo vilivyoumia zaidi. Kituo kikirusha sauti yenye nguvu kupita kipimo chake, sauti huharibika, na tena huingia katika njia ya vituo jirani. Basi mwaka 1937 kampuni ya Western Electric ya Marekani ilitoa mtambo ulioitwa 110A, uliobana sauti wenyewe, bila ya mkono wa mtu. Mitambo ya namna hiyo ikaenea katika vituo vya redio.

Hapa ni lazima tuelewe jambo moja, maana wengi hukosea. Kompresa haimwongezei nguvu mwenye sauti ndogo. Humpunguza mwenye sauti kubwa. Mfano ni mwalimu na darasa lake. Darasa linasoma kwa pamoja, na wanafunzi wawili wanapiga kelele kuliko wenzao. Mwalimu akiwaambia wote wapaze sauti, wale wawili watapasua masikio. Lakini kwanza akiwatuliza hao wawili, kisha akawaambia wote wapaze sauti, ndipo yule mnyonge wa nyuma atasikika. Ni hatua mbili: kwanza kubana kilicho kikubwa, kisha kuinua vyote pamoja. Ndiyo maana wimbo wa mama hufika masikioni mwenu.

MFEREJI WA SANTURI

Sasa tutoke katika redio twende katika santuri, zile sahani nyeusi za muziki. Juu ya santuri kuna mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Sindano hupita ndani ya mfereji huo, na jinsi mfereji unavyopinda ndivyo sindano inavyotikisika, nasi tukasikia muziki. Sauti kubwa hupinda mfereji sana, sauti ndogo huupinda kidogo. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta sokoni santuri za muda mrefu, ambazo mifereji yake ni myembamba na imekaribiana sana. Hapo hatari ilizidi. Fundi akikata mfereji wa sauti kubwa mno, humega mfereji wa jirani, na sahani hutupwa.

Santuri za wakati huo zilikuwa na sauti ya upande mmoja tu. Lakini binadamu ana masikio mawili. Ukifumba macho, unajua mbwa anabweka kulia au kushoto. Mhandisi mmoja wa Uingereza, Bwana Alan Blumlein wa kampuni ya EMI, alilifikiria jambo hilo mapema. Mwaka 1931 aliandikisha ubunifu wake wa kuweka sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, katika mfereji mmoja wa santuri. Kila ukuta wa mfereji ulichukua sauti moja. Hii ndiyo tunayoiita stirio. Bwana Blumlein hakuishi kuona ubunifu wake ukiuzwa madukani. Alikufa mwaka 1942, wakati wa vita, kwa ajali ya ndege aliyokuwamo akijaribu mitambo ya rada. Santuri za stirio zilianza kuenea sokoni mwaka 1958.

Basi fundi alikuwa na sauti mbili za kulinda badala ya moja, tena katika mfereji ule ule mwembamba. Kifaa gani kingeweza kazi hiyo?

MGENI KUTOKA ESTONIA

Jibu moja lilitoka kwa mtu aliyekuwa mbali na kwao. Jina lake Rein Narma, mzaliwa wa Estonia, nchi ndogo kaskazini ya Ulaya kando ya Bahari ya Baltiki. Vita vikuu vya pili viliivuruga nchi yake, akajikuta ugenini. Baada ya vita alifanya kazi ya mitambo ya sauti huko Nuremberg, Ujerumani, katika mahakama iliyowahukumu wakubwa wa serikali ya Hitler. Kisha alihamia Marekani, akafanya kazi katika studio za New York. Mali aliyokwenda nayo ilikuwa ujuzi wake.

Huko alifahamiana na Bwana Les Paul, mpiga gitaa maarufu. Les Paul alikuwa na desturi ngeni kwa wakati ule. Alirekodi gitaa moja, kisha akapiga jingine juu ya lile la kwanza, kisha la tatu, na mkewe Bibi Mary Ford akaimba sauti juu ya sauti yake mwenyewe. Nyumba ya tabaka nyingi namna hiyo huanguka kama tofali moja limezidi. Les Paul akamwomba Bwana Narma amtengenezee mashine ya kushika sauti, iliyo ya haraka na isiyoharibu muziki.

Narma akatengeneza. Tajiri mmoja, Bwana Sherman Fairchild, aliyekuwa na viwanda vya ndege na vya kamera za kupiga picha kutoka angani, alikuwa pia na kampuni ya vyombo vya kurekodi. Akachukua haki ya kuitengeneza mashine hiyo, na Narma akawa mhandisi wake mkuu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikatoka mashine mbili: Fairchild 660, ya sauti moja, na Fairchild 670, ya stirio.

Hiyo 670 haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 30. Ndani yake zilikuwamo taa za kioo 20, za namna ile iliyokuwa moyo wa redio za zamani, pamoja na transfoma zaidi ya 10. Ikiwashwa ilitoa joto kama jiko.

MLINZI WA MLANGO

Ilifanyaje kazi? Fikirini mlango na mlinzi. Sauti ikiingia hugawanyika njia mbili. Njia moja hupita mlangoni kwenda kwenye santuri. Njia ya pili humwendea mlinzi, naye huipima. Ikiwa ya kadiri, mlinzi hunyamaza na mlango hubaki wazi. Ikizidi, mlinzi huubana mlango, na sauti hutoka kwa udogo. Katika Fairchild mlango huo ni zile taa za kioo. Zilichaguliwa za namna ambayo umeme kidogo kutoka kwa mlinzi hupunguza nguvu yake ya kukuza sauti, polepole na kwa ulaini.

Mambo mawili humfanya mlinzi awe mwema au mbaya. La kwanza ni wepesi wa kubana. Katika mpango wake wa haraka, Fairchild ilibana kwa muda mfupi kama sekunde moja iliyogawanywa mara 5,000. Mkono gani wa mtu uwezao hayo? La pili ni muda wa kuachilia. Swichi yake ilikuwa na nafasi sita. Katika nafasi ya kwanza mlango ulirudi wazi kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Katika nafasi ya mwisho mashine ilijitazamia yenyewe: kishindo kimoja kikipita iliachilia upesi, lakini sauti ikiendelea kuwa kubwa kwa muda, iliachilia polepole, hata kwa sekunde 25.

Kwa nini muda huo uwe na maana? Mlango ukifunguka upesi mno baada ya kila pigo, mvumo wa nyuma huinuka na kushuka, kama mtu anayehema baada ya kukimbia. Ukifunguka polepole mno, kishindo kimoja huzimisha maneno ya mwimbaji yanayofuata. Fundi lazima achague kwa sikio lake. Mashine haikumwondolea mtu kazi ya kusikiliza.

MZEGA

Sasa tumefika katika kiini cha somo. Kwa nini stirio isitumie kompresa mbili za kawaida, moja ya kushoto na moja ya kulia, kila moja na mlinzi wake?

Mnaujua mzega, ule mti wa begani wenye debe la maji mbele na debe la maji nyuma. Mchukuzi hutembea vizuri maana madebe yamelingana. Ukimwaga maji ya debe moja tu, mti huinama na mchukuzi hupepesuka. Ukitaka kumpunguzia mzigo, lazima umwage huku na huku kwa kipimo kimoja.

Stirio ni hivyo hivyo. Mwimbaji anayesikika katikati, mbele ya uso wako, hayuko katikati kwa kweli. Sauti yake inatoka katika spika zote mbili kwa nguvu sawa, na masikio yako ndiyo yanayomweka katikati. Sasa mpiga ngoma wa upande wa kulia apige kwa nguvu. Mlinzi wa kulia abane mlango wake, na wa kushoto, ambaye hakusikia kitu, auache wazi. Papo hapo sauti ya mwimbaji itakuwa kubwa kushoto kuliko kulia. Msikilizaji atamwona mwimbaji akiruka upande wa kushoto, kisha akirudi katikati, kila ngoma inapolia. Mwimbaji hakusogea hata hatua moja. Ni mzega uliopinduliwa na mashine.

Dawa yake ni kuwafunga walinzi wawili kamba moja. Mmoja akibana, mwenzake naye abane kwa kipimo kile kile, hata kama upande wake uko kimya. Hilo ndilo linaloifanya kompresa ya stirio kuwa mashine moja yenye pande mbili, badala ya mashine mbili katika sanduku moja.

Fairchild 670 ilikuwa na njia nyingine tena, iliyowafaa wakata santuri. Katika mfereji wa stirio, sauti zinazofanana kushoto na kulia huisukuma sindano kwenda kando, na zinazotofautiana huipandisha na kuishusha. Sindano ikipandishwa kwa nguvu mno huruka nje ya mfereji. Basi fundi aliweza kugeuza swichi, na mashine ikawa na mlinzi mmoja wa mwendo wa kando na mlinzi mwingine wa mwendo wa juu na chini. Ndivyo mfereji ulivyopona.

KUTOKA LONDON MPAKA LEO

Watu hawakukaa na mashine hiyo kwa kulinda tu. Mwezi wa Aprili 1966, huko London, katika studio za EMI za Abbey Road, kundi la The Beatles lilikuwa likirekodi. Fundi wao, Geoff Emerick, alikuwa kijana wa miaka 20 tu. Alisogeza maikrofoni karibu sana na ngoma za Ringo Starr, akazipitisha katika Fairchild 660 na kuzibana kwa nguvu. Ngoma zikatoka nzito, kana kwamba zinasukuma hewa ya chumba. Tangu hapo mafundi wengi walijifunza kuwa kompresa yaweza kuwa kama rangi mkononi mwa mchoraji.

Wengine walitengeneza walinzi wa namna nyingine. Bwana Jim Lawrence wa Pasadena, California, alitumia mwanga: sauti iliwasha taa ndogo, na kipande kinachohisi mwanga kikaubana mlango. Mashine yake iliitwa LA-2A. Bwana Bill Putnam alitoa mashine ya 1176 iliyotumia transista badala ya taa za kioo. Na mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya SSL ya Uingereza iliweka kompresa ya stirio ndani ya meza zake za kuchanganyia sauti, ipitiwe na muziki wote mwishoni. Leo hii kompresa nyingi ni programu za kompyuta, na baadhi yake zinaiga zile sanduku nzito za zamani. Lakini sanduku zenyewe bado zinatafutwa, na bei yake ni kubwa.

NGOMA IVUMAYO SANA HUPASUKA

Kila chombo chema chaweza kutumiwa vibaya. Mkumbuke zile hatua mbili: kubana kikubwa, kisha kuinua vyote. Watu waligundua kuwa wimbo uliobanwa sana na kuinuliwa sana husikika mkubwa kuliko wa jirani yake, na mwenye sauti kubwa hutazamwa kwanza. Katika miaka ya 1990 watoaji wa muziki walishindana, kila mmoja akibana kuliko mwenzake. Wimbo ukawa hauna tena mahali pa kunong'ona wala mahali pa kupaza. Matangazo ya biashara nayo yakafanya hivyo hivyo, na watu majumbani wakawa wanarukia kifungo cha sauti kila tangazo lilipoanza. Malalamiko yalizidi mpaka Marekani ikapitisha sheria mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2012, kwamba matangazo ya televisheni yasiwe na sauti kubwa kuliko kipindi yanachofuatana nacho. Mwaka huo huo wa 2010 umoja wa vituo vya utangazaji vya Ulaya ulikubaliana juu ya kipimo kimoja cha ukubwa wa sauti.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkisikiliza redio au santuri, jueni kuwa sauti hiyo imepita mikononi mwa mtu. Fundi aliamua nani ashikwe na nani asikike. Kumshika kidogo mwenye nguvu humpa nafasi mnyonge. Kumshika mno huwanyima wote wawili, maana mnong'ono uliofanywa sawa na kelele si mnong'ono tena. Mama aliyekuwa akiimbia mtoto atasikika, ndiyo, lakini kama anayepiga mnada sokoni, na mtoto hatalala.

Jioni ya leo fanyeni jaribio. Sikilizeni wimbo mmoja mnaoupenda, na mtafute mahali ambapo ngoma inapigwa kwa nguvu. Je, sauti ya mwimbaji inazama kidogo, kisha inarudi? Mkilisikia hilo, mmemsikia mlinzi akiubana mlango.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe dari na sakafu ya chombo cha sauti.
2. Kwa nini mkono wa fundi haukutosha?
3. Mzega unatufundisha nini juu ya kompresa ya stirio?
4. Taja jambo moja jema na moja baya lililoletwa na mashine hii.
5. Katika mkutano wa kijiji chenu, ni nani hasikiki? Mwenyekiti afanye nini ili asikike, bila ya kuwaziba wengine midomo?

Andikeni majibu katika madaftari yenu, kisha msomeane. Kwaherini, mpaka somo lijalo.